Sura ya Sita: Muckross, Ardhi Iliyozika Mabwana Wake

Mwaka 1588, kusini-magharibi mwa Ayalandi, binti mmoja wa ukoo wa kitawala aliozwa kwa siri. Jina lake lilikuwa Ellen MacCarthy. Baba yake, Donal MacCarthy Mór, Earl wa Clancare, alikuwa mkuu wa ukoo uliotawala maeneo hayo kwa karne kadhaa, na Ellen ndiye mtoto pekee wa ndoa aliyekuwa amebaki kumrithi. Serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilikuwa imeshamchagulia mume: Nicholas Browne, mtoto wa Mwingereza Valentine Browne, ambaye tayari alikuwa ameshika sehemu kubwa ya ardhi ya Earl kwa rehani. Earl alikuwa amezama katika madeni. Kama Ellen angeolewa na Browne, ardhi iliyokwenda kwa Waingereza kwa muda, kwa sababu ya deni, ingebaki kwao moja kwa moja, kwa urithi.

Ellen hakuolewa na Browne. Aliolewa na jamaa wa ukoo wake mwenyewe, Florence MacCarthy, na masimulizi ya watu wa kaunti ya Kerry yanasema ndoa hiyo ilifungwa usiku wa manane ndani ya abasia ya Muckross, kando ya maziwa ya Killarney. Serikali ilighadhibika. Florence alikamatwa, akapelekwa Dublin na kisha kwenye gereza la Mnara wa London. Aliachiwa baadaye, akarudi nyumbani, akakamatwa tena mwaka 1601. Sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliimaliza London, kifungoni au chini ya ulinzi, akipigania haki ya ardhi ambayo hakuruhusiwa kuikanyaga.

Nimeanza na ndoa hii kwa sababu ndani yake mna mambo yote yatakayojirudia Muckross kwa karne nne: deni, ndoa, urithi, na mabwana walioamini kwamba hati ikishatiwa sahihi basi ardhi ni yao milele. Sura hii inafuatilia mikono iliyoishika ardhi hiyo, mmoja baada ya mwingine. Inafuatilia pia watu ambao majina yao hayamo katika hati hata moja, lakini hawakuiacha hata siku moja.

Mwamba wa Muziki

Killarney ina maziwa matatu yaliyopangana chini ya milima mirefu kuliko yote ya Ayalandi. Kati ya ziwa la chini na lile la katikati imejipenyeza rasi ya mawe ya chokaa na misitu, na hiyo ndiyo Muckross. Watu walikuwa hapa zamani sana. Upande wa pili wa ziwa, mahali paitwapo Ross Island, wachimbaji walikuwa wakitoa shaba kwenye mwamba miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, na wataalamu wa mambo ya kale wanauhesabu mgodi huo kuwa miongoni mwa ya kale kabisa katika Ulaya ya kaskazini-magharibi.

Abasia yenyewe ilianzishwa karibu mwaka 1448 na Donal MacCarthy mwingine, aliyemtangulia baba yake Ellen kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliwajengea watawa wa Mtakatifu Fransisko, wale wa tawi lililotaka kurudi kwenye ufukara na nidhamu ya mwanzo ya shirika hilo. Wenyeji wana hadithi yao kuhusu mahali ilipojengwa. Wanasema MacCarthy alioteshwa kwamba ajenge kwenye Mwamba wa Muziki, mahali asipopajua. Akatuma watu wakatafute. Walizunguka bila mafanikio, na wakiwa njiani kurudi wakasikia muziki mtamu ukitoka ndani ya jiwe.

Jengo walilolisimamisha halina paa leo, lakini kuta zake zimesimama karibu zote, jambo ambalo ni nadra kwa magofu ya namna hii. Katikati ya kanisa pana mnara mzito wenye upana sawa na kanisa lenyewe. Upande wa kaskazini ziko nyumba za watawa: jiko, chumba cha kulia chakula, na bweni juu. Vyumba hivi vyote vimezunguka ua mdogo wa mraba wenye baraza pande zote nne. Simama kwenye baraza hiyo utazame matao. Pande mbili yamechongwa kwa kilele kilichochongoka, na pande mbili ni ya mviringo. Mafundi walijenga kwa awamu, upande mmoja baada ya mwingine, na kila awamu imeacha alama ya mkono wake.

Katikati ya ua umesimama mti mmoja wa yuu. Huu ni mti wa kijani kibichi mwaka mzima, majani na mbegu zake vina sumu, na unaweza kuishi karne nyingi. Shina lake limejisokota kwenda juu kupita matao na kupita kuta, na matawi yake yamelifunika eneo lote la ua, hata mwanga unaofika chini ni hafifu mchana kutwa. Wenyeji wanaamini kwamba atakayethubutu kuukata hatamaliza mwaka. Wengi wanausadiki kuwa na umri sawa na abasia. Mabwana wengi wamepita hapa na mashoka yao, na hakuna aliyeugusa.

Sheria iliyokataza maziko

Katika miaka ya 1530 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alivunja nyumba za watawa katika nchi zote alizozitawala. Kwenye karatasi Muckross nayo ilifutwa. Lakini mkono wa mfalme ulikuwa mfupi Kerry, na ukoo wa MacCarthy ulikuwa bado na nguvu, kwa hiyo watawa waliendelea kuishi humo, wakifukuzwa na kurudi kadiri vita vilivyopamba moto au kupoa. Ndani ya abasia kuna jiwe lenye maandishi ya Kilatini linalomwombea dua mtawa Thadeus Holen, aliyeisimamia kazi ya kuikarabati nyumba hiyo upya mwaka 1626. Wakati huo ilikuwa imeshapita karibu miaka 90 tangu mfalme atangaze kwamba nyumba za namna hiyo zisiwepo. Mtu anayefanya ukarabati mkubwa hivyo ana hakika kwamba yeye au wenzake watakuwapo kesho.

Kesho hiyo ilidumu miaka 26. Mwaka 1652 jeshi la Kiingereza la Cromwell chini ya Jenerali Edmund Ludlow lilifika Killarney kuizingira ngome ya Ross, kituo cha mwisho cha upinzani katika jimbo la Munster. Ludlow aliagiza mashua zikapandishwa kwa mto hadi ziwani, na walinzi wa ngome walipoziona wakasalimu amri. Abasia ilichomwa moto na watawa wakatawanyika. Maisha ya utawa hayakurudi tena kati ya kuta zile.

Baada ya vita ikaja sheria. Mwaka 1697 Bunge la Dublin, lililokuwa la Waprotestanti watupu, lilipitisha sheria ya kuwafukuza nchini maaskofu wote wa Kikatoliki na watawa wote wa mashirika. Ndani ya sheria hiyohiyo kilitiwa kifungu kingine: marufuku kuzika maiti katika nyumba yoyote ya watawa iliyovunjwa, na atakayevunja amri alipe faini ya pauni 10. Kwa mkulima wa Kerry wa wakati huo hizo zilikuwa pesa za kumfilisi.

Kwa nini Bunge lijishughulishe na makaburi? Kwa sababu lilielewa jambo ambalo watu wa kila nchi wanalielewa. Aliyezika baba yake mahali ana sababu ya kurudi mahali hapo. Ana sababu ya kusimulia habari zake, na ana sababu ya kumwonyesha mtoto wake jiwe na kumwambia, huyu ni babu yako. Hati ya ardhi inaweza kuchomwa, mpaka unaweza kuhamishwa, lakini kaburi ni dai linalopita kutoka kizazi hadi kizazi bila karani wala mahakama.

Watu wa Killarney waliendelea kuzika Muckross. Walizika kanisani, walizika kwenye baraza ya matao, walizika juu ya waliozikwa kabla yao. Udongo ulikuwa haba juu ya mwamba na maiti walikuwa wengi, kwa hiyo makaburi yalifukuliwa kupisha mapya. Wasafiri waliopita hapo katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 waliandika kwa mshtuko kuhusu malundo ya mifupa na mafuvu yaliyorundikana kwenye pembe za kuta. Wengi wao waliona uchafu na uzembe. Mimi naona watu masikini waliokataa kulala mahali pengine, ingawa sheria iliwaamuru na nafasi ilikuwa imekwisha.

Miongoni mwa waliolazwa humo wamo washairi wa lugha ya Kiayalandi. Yumo Séafra Ó Donnchadha wa bonde la Glenflesk, aliyekuwa mkuu wa ukoo na mshairi kwa pamoja. Yumo pia Aogán Ó Rathaille, aliyefariki karibu mwaka 1729 katika ufukara. Ó Rathaille alizaliwa katika dunia ambamo mshairi alikuwa na kiti chake karibu na mkuu wa ukoo, akalipwa na kuheshimiwa. Aliiona dunia hiyo ikibomoka, ukoo wa MacCarthy ukipoteza ardhi na wageni wakikaa kwenye kumbi zao, na mashairi yake yamejaa uchungu huo. Alizikwa Muckross, katika abasia iliyojengwa na mababu wa watu aliowalilia.

Kutoka MacCarthy hadi Herbert

Damu ya Ellen na Florence iliendelea kushika sehemu ya ardhi hadi mwaka 1770. Mwaka huo Charles MacCarthy Mór, wa mwisho katika mstari huo, alifariki bila mke wala mtoto. Mama yake alitoka katika ukoo wa Herbert, Waprotestanti wenye asili ya ng'ambo ya bahari waliokuwa wamekaa Muckross kwa muda mrefu, na Charles aliwaachia wao ardhi yake. Kile ambacho serikali ya Elizabeth ilishindwa kukipata kwa ndoa ya Ellen, muda ulikileta wenyewe kwa wosia.

Akina Herbert walikuwa na bahati ya shaba. Chini ya rasi kulikuwa na madini, nao wakayachimba kwa vipindi. Miongoni mwa wataalamu waliowaajiri ni Mjerumani Rudolf Erich Raspe, mwandishi wa visa mashuhuri vya Baron Munchausen, ambaye aliugua na kufariki hapo mwaka 1794. Walikuwa na bahati nyingine pia: Ulaya ilikuwa imeanza kupenda magofu. Wageni walimiminika Killarney kutazama maziwa, milima na abasia isiyo na paa. Mwandishi Walter Scott alikuja mwaka 1825. Mafundi seremala wa mji walianza kutengeneza madawati na masanduku ya mbao za arbutus, mti unaoota kwa wingi kwenye mwambao wa maziwa hayo. Juu ya kifuniko walipachika vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali hadi picha ikatokea, na picha waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya abasia ya Muckross. Gofu lilikuwa limegeuka pambo la bustani ya bwana na bidhaa ya mgeni kubeba nyumbani. Wakati huohuo, mita chache kutoka kwa wageni waliokuwa wakichora, wenyeji walikuwa wakichimba kaburi.

Mwaka 1839 Henry Arthur Herbert na mkewe Mary, mchoraji hodari wa rangi za maji, walianza kujenga jumba jipya. Walimpa kazi msanifu wa Kiskoti William Burn, naye akawachorea nyumba ya mawe ya vyumba 65, yenye mabomba marefu ya moshi na madirisha yanayotazama ziwa. Ilikamilika mwaka 1843. Miaka miwili baadaye ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi, na njaa kuu ikaanza. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama nchi. Kerry ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia sana. Nyumba za vyumba 65 na vibanda vya chumba kimoja vilisimama katika kaunti ileile, na kodi ya wale wa vibanda ndiyo iliyojenga na kutunza nyumba kubwa. Ukweli huo hauwezi kuachwa nje ya historia ya jumba lolote la kabaila nchini Ayalandi.

Siku mbili za Malkia

Mwishoni mwa Agosti 1861 Malkia Victoria alifika Killarney na mumewe Prince Albert na baadhi ya watoto wao. Baada ya kupokewa na ukoo wa Kenmare, ambao ni uzao wa Browne yuleyule aliyemkosa Ellen, alihamia Muckross kwa siku mbili. Herbert alikuwa mbunge wa Kerry na aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Uingereza katika Ayalandi. Maandalizi yake ya ugeni huo yalichukua muda mrefu. Yaliagizwa mazulia, mapazia, vyombo vya fedha na samani. Vyumba vya Malkia vilitayarishwa chini, kwa kuwa aliogopa moto.

Malkia alitembezwa kwa mashua, akaona maziwa, akaondoka. Mwezi Desemba mwaka huohuo Prince Albert alifariki, na Malkia akaingia katika eda ndefu. Herbert mwenyewe alifariki mwaka 1866. Kama alitarajia cheo kikubwa kwa gharama zile, hakukipata.

Mara nyingi watu husimulia kwamba siku mbili hizo ndizo zilizowafilisi akina Herbert. Simulizi hiyo ni tamu lakini haitoshi. Ugeni wa Malkia uliongeza mzigo juu ya milki ambayo msingi wake wote ulikuwa kodi ya wakulima. Miaka ya 1870 bei za mazao zikaanguka. Kuanzia mwaka 1879 wakulima wa Ayalandi walijipanga kudai kodi ya haki, usalama wa kukaa kwenye mashamba na haki ya kuuza upangaji wao, na Kerry ilikuwa moja ya ngome za harakati hizo. Bwana aliyekopa kwa kutegemea kodi ya kesho alijikuta bila kodi na bila kesho. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya bima iliyokuwa na rehani ya Muckross, Standard Life, iliitwaa. Akina Herbert waliondoka kama MacCarthy walivyoanza kuondoka: kwa deni.

Zawadi kutoka California

Mwaka 1899 Muckross ilinunuliwa na Lord Ardilaun, wa ukoo wa watengeneza bia wa Guinness. Mkewe alikuwa na undugu na akina Herbert, na nia yao ilikuwa kuiokoa isikatwekatwe na wafanyabiashara. Huyu ndiye Ardilaun aliyeifungua bustani ya St Stephen's Green kwa wakazi wote wa Dublin mwaka 1880.

Miaka michache baadaye alitokea mnunuzi kutoka mbali. William Bowers Bourn alikuwa tajiri wa California, mwenye mgodi wa dhahabu wa Empire na kampuni iliyouza maji San Francisco. Binti yake Maud aliolewa mwaka 1910 na Arthur Rose Vincent, Muayalandi wa kaunti ya Clare ambaye alikuwa ametumikia Uingereza ng'ambo akiwa hakimu, Zanzibar ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Bourn aliinunua Muckross na kuwapa wawili hao zawadi ya harusi. Aliipenda kiasi kwamba alipojenga jumba lake la Filoli kule California, kuta za ukumbi wa dansi zilipambwa kwa michoro mikubwa ya mandhari ya Muckross.

Akina Vincent waliishi hapo katika miaka migumu kwa watu wa tabaka lao. Kati ya mwaka 1919 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, zaidi ya majumba 200 ya makabaila yalichomwa moto nchini. Muckross ilinusurika. Kilichoivunja familia ni kifo. Maud alifariki mwaka 1929 kwa homa ya mapafu.

Mumewe na wazazi wake wangeweza kuuza. Walikaa wakashauriana, na mwaka 1932 wakaitoa Muckross yote, ekari zipatazo 11,000, pamoja na jumba, misitu, milima na abasia, iwe mali ya taifa changa la Ayalandi kwa kumbukumbu yake. Bunge lilipitisha sheria ya kuipokea, na ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini. Sheria hiyo iliagiza kwamba mahali hapo patunzwe kwa ajili ya starehe na burudani ya watu wote. Baada ya mabwana wote wale, hati ya Muckross kwa mara ya kwanza iliandikwa kwa jina la umma.

Kazi ya mwenye mali

Zawadi ikishapokelewa inahitaji matunzo, na dola mpya ilikuwa na fedha kidogo. Kwa miaka mingi hifadhi iliendeshwa zaidi kama shamba, na jumba lilibaki limefungwa. Ni mwaka 1964 tu lilipofunguliwa kwa wananchi, baada ya watu wa Killarney wenyewe kusukuma jambo hilo, nalo likawa makumbusho ya maisha ya watu wa Kerry: zana za fundi viatu, za mhunzi, za mfumaji. Vitu vya watu wa vibanda viliingia kwenye nyumba ya vyumba 65 na kupewa nafasi ya heshima.

Baadaye ardhi ya ukoo wa Kenmare iliunganishwa nayo, na leo Hifadhi ya Taifa ya Killarney ina zaidi ya hekta 10,000. Mwaka 1981 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya baiyosfia. Humo wanaishi kulungu wekundu wa asili, na kwenye rasi ya Muckross upo msitu wa Reenadinna, mmoja wa misitu michache ya miti ya yuu iliyobaki Ulaya. Upo pia urithi mbaya wa makabaila. Rododendroni, kichaka chenye maua ya zambarau kilichopandwa kupamba bustani zao, kimeingia misituni na kutanda chini ya miti hadi miche ya mialoni inakosa mwanga. Walinzi na wafanyakazi wa kujitolea wanakikata na kukichimba mwaka baada ya mwaka, nacho kinachipua tena.

Kazi hiyo ndiyo gharama ya umiliki wa watu wote. MacCarthy waliilinda Muckross kwa sababu ilikuwa nguvu yao, Herbert kwa sababu ilikuwa fahari yao, Bourn kwa sababu ilikuwa zawadi kwa mwanawe. Umma hauna mwana mmoja wa kumpa. Una wajibu tu, na wajibu usipotendwa kwa mikono haufiki mbali. Lakini historia ya mahali hapa inatupa sababu ya kutumaini. Familia zenye haki ya makaburi bado zinazika wafu wao katika abasia, kama zilivyofanya sheria ilipokataza. Mabwana waliokuwa na hati waliipoteza Muckross kila mara deni au kifo kilipobisha hodi. Waliokuwa na makaburi tu hawakuipoteza, kwa sababu kila kizazi kilikubali kurudi na jembe na kufanya kilichopaswa kufanywa.